Keki ya mama: Heshima haina bei, lakini keki inayo

KWA miaka mingi familia za Tanga zimewaenzi wazee wao kwa sinia la mkate wa kumimina, visheti na kahawa. Siku hizi sinia hilo limepata mwenzake: keki iliyopambwa, yenye jina la mama au bibi, wakati mwingine na picha ya cherehani aliyosomeshea wanawe au ng'ombe aliyemfuga. Watoto walio Dar es Salaam, Arusha au Muscat huchanga, hutuma fedha kwa simu, na mwokaji wa Ngamiani au Chumbageni huikabidhi keki jioni ya shughuli.

Waokaji wengi wa keki hizo ni akina mama wanaofanyia kazi nyumbani. Wenye oveni hutumia oveni. Wengine hutumia sufuria na kupalia makaa juu ya mfuniko, ufundi uleule wa mkate wa kumimina. Oda hazikosekani. Tatizo ni kwamba mwisho wa mwezi wengi hawaoni fedha ilikokwenda.

Tuchukue mfano wa keki moja. Unga nusu kilo, sukari nusu kilo, siagi nusu kilo na mayai 10 hutoa keki inayokaribia kilo mbili. Tuseme vitu hivyo vimegharimu Sh 26,000. Sukari ya unga na rangi za kupambia Sh 9,000, boksi na ubao Sh 4,000, gesi au mkaa Sh 3,000 na bodaboda Sh 3,000. Jumla ni Sh 45,000. Mteja ni mtoto wa jirani, keki ni ya mama yake anayetimiza miaka 70, hivyo mwokaji anaona haya na kutaja Sh 50,000.

Faida inaonekana kuwa Sh 5,000. Lakini kuchanganya, kuoka, kupoza na kupamba kumechukua saa saba, maana yake kila saa imelipwa chini ya Sh 720. Zaidi ya hapo, ikiwa katika kila keki 10 moja huharibika njiani, hasara ya Sh 45,000 lazima ibebwe na zote 10, yaani Sh 4,500 kila moja. Kinachobaki ni Sh 500. Mwokaji huyo amefanya kazi kutwa nzima kwa bei ya andazi.

Hesabu sahihi huanza na Sh 45,000, huongeza Sh 4,500 za hasara, kisha ujira. Akijilipa Sh 2,000 kwa saa, ujira ni Sh 14,000 na bei haiwezi kushuka chini ya Sh 63,500. Akitaka kumpunguzia jirani, aitaje bei kamili kwanza, kisha aandike punguzo daftarini kama zawadi yake. Zawadi isiyoandikwa hula mtaji bila mwenyewe kujua.

Joto nalo lina gharama zake

Pwani ina adui mwingine. Kati ya Januari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, na siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35. Maua ya krimu ya siagi yaliyosimama vizuri asubuhi huweza kuinama kabla ya adhuhuri. Sukari nayo hunyonya unyevu wa hewa, hivyo mapambo makavu hulainika. Ndiyo maana wazoefu huchanganya siagi na mafuta magumu, hupamba usiku au alfajiri, na hupeleka keki saa chache kabla ya kukatwa.

Aidha, bei za malighafi hazitulii. Sehemu kubwa ya ngano ya Tanzania huagizwa kutoka nje, na vita vya Ukraine vilivyoanza mwaka 2022 vilipandisha bei yake duniani. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Nino zilivuruga uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika na bei ikapanda. Mwokaji aliyepokea oda mwezi mmoja kabla kwa bei ya zamani aliifidia mwenyewe. Dawa yake ni kupokea nusu ya malipo siku ya oda na kununua vifaa siku hiyohiyo.

Hata hivyo, Tanga ina vitu ambavyo miji mingi inavitamani. Muheza ina machungwa, ambayo maganda yake yakikwaruzwa hutoa harufu nzuri kuliko ya chupa. Amani ina iliki, mdalasini na karafuu. Nazi zinatoka Pangani, na maziwa hukusanywa kwa wafugaji wadogo ambao vyama vyao vya ushirika vimekuwa vikiuza kwa kiwanda cha Tanga Fresh tangu miaka ya 1990. Keki ya nazi na iliki huacha sehemu kubwa zaidi ya fedha ya mteja mkoani, na ina ladha ambayo mama huyo ameizoea tangu utotoni.

Anayetaka kuuza madukani atahitaji alama ya ubora ya TBS, na SIDO hutoa mafunzo ya usindikaji kwa wajasiriamali wadogo. Lakini hatua ya kwanza haihitaji ofisi yoyote: mizani ya jikoni, daftari, na ujasiri wa kumtajia jirani bei halali.