Zijue Namba Zilizoandikwa kwenye Kifaa Chako cha Umeme

Kila mtumiaji anaponunua pasi, birika au ekstensheni, hukuta kibandiko chenye maneno volti, ampea na wati. Wengi huyapita bila kuyasoma, wakiamini kuwa hayo ni mambo ya mafundi. Tunapenda kueleza kwamba maneno hayo ndiyo yanayomwezesha mtumiaji kujua kama nyumba yake iko salama, na fedha yake ya umeme inakwenda wapi.

Njia ya umeme

Umeme hufanya kazi pale tu unapopata njia kamili, yaani saketi. Hufika kwa waya wa moto, hupita ndani ya kifaa, kisha hurudi kwa waya wa nyutro. Swichi inapozimwa, njia hukatika na mkondo husimama. Waya wa tatu, ule wa ardhi, haubebi mkondo katika hali ya kawaida. Kazi yake huonekana siku umeme unapovuja kwenye chuma cha kifaa: huupitisha ardhini, na fyuzi hukatika kabla mtu hajadhurika. Kwa sababu hiyo, tunawaonya wale wanaochokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili waingize plagi ya pini mbili. Pasi au birika la chuma lililoundwa kutumia waya wa ardhi halipaswi kutumika bila waya huo.

Vipimo vitatu

Tuchukue mfano wa maji yatokayo kwenye tenki lililoinuliwa. Volti ni kipimo cha msukumo, kama ule unaoletwa na kimo cha tenki. Ampea ni kipimo cha mkondo, kama wingi wa maji yanayopita bombani kwa wakati mmoja. Wati hupima nguvu ya kifaa, yaani kasi yake ya kutumia umeme. Nchini Tanzania, umeme wa majumbani ni wa volti 230. Ukigawanya wati za kifaa kwa 230, utapata ampea zake.

Chukua ekstensheni moja ya ampea 13. Uwezo wake hauzidi wati 2,990. Ukichomeka kwa pamoja birika la wati 2,000, jiko la sahani moja la wati 1,000 na pasi ya wati 1,200, jumla ni wati 4,200, yaani zaidi ya ampea 18. Wingi wa matundu hauongezi uwezo wa waya. Waya uliozidiwa hupata joto, gamba lake huyeyuka, na moto huweza kuanza nyuma ya kabati au chini ya zulia pasipo mtu kuona.

Fyuzi ni mlinzi

Fyuzi huyeyuka ili kuukata mkondo uliozidi kiasi. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inatoa taarifa kuwa kuna hitilafu au mzigo umezidi. Kuweka kipande cha waya mahali pake ni kumwondoa mlinzi na kuuacha mlango wazi. Badilisha fyuzi kwa nyingine ya ampea zilezile. Ikikatika tena, mwite fundi mwenye leseni.

Yuniti unazolipia

Yuniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Birika la wati 2,000 humaliza yuniti hiyo kwa nusu saa. Taa ya wati 10 huitumia kwa saa 100. Vifaa vinavyotoa joto ndivyo vinavyokula yuniti kwa haraka zaidi.

Tunamshauri kila mtumiaji asome kibandiko kabla ya kulipa dukani. Kifaa kisichoonyesha volti na wati zake kisinunuliwe. Na kabla ya kuchomeka kifaa kingine kwenye ekstensheni, jumlisha wati kwanza.