Lexus mjini Kindu: kununua ni rahisi, kutunza ni kazi

Gari la kifahari lililotumika huwa rahisi kulinunua kuliko kulitunza. Ulaya na Marekani, sedani kubwa za BMW na Mercedes-Benz hupoteza zaidi ya nusu ya bei yake ndani ya miaka 5 hivi. Bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nazo. Kompresa ya springi za hewa za Range Rover ya mwaka 2010 bado huuzwa kama kipuri cha gari la matajiri, hata kama gari lenyewe limenunuliwa Dubai kwa bei ya Corolla.

Mjini Kindu hesabu hiyo huongezewa nauli. Mji mkuu wa jimbo la Maniema, nchini Kongo (DRC), hauna lami inayouunganisha na mji mwingine mkubwa. Mto Lualaba unaugawa, mitaa ya Kasuku na Mikelenge huku, Alunguli ng'ambo, na hakuna daraja. Reli ya kwenda Kabalo, na kutoka hapo Kalemie au Lubumbashi, ipo tangu enzi za Wabelgiji, lakini treni huja ikijaliwa. Kipuri cha haraka basi huja kwa ndege. Uwanja wa Goma ulipofungwa Januari 2025 kwa sababu ya vita, njia moja iliyozoeleka na wafanyabiashara ilikatika.

Kinachoharibika kwanza kwa kawaida si injini, bali springi za hewa. Springi ya hewa ni mfuko wa mpira unaojazwa na kompresa ndogo ya umeme. Mpira ukizeeka hufanya nyufa kwenye mikunjo, na mchanga wa barabara ya udongo huharakisha mambo. Hewa ikivuja, kompresa hufanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Asubuhi gari huonekana limelala upande mmoja. Mwenyewe akiliwasha na kuendelea na safari zake, baada ya muda atanunua vitu viwili badala ya kimoja. Mafundi wengi hung'oa mfumo wote na kufunga springi za chuma. Ni uamuzi wa busara, ingawa taa ya hitilafu hubaki ikiwaka kwenye deshibodi, na ule ulaini uliolipiwa ndio umekwisha.

Kuutambua ugonjwa wenyewe nako ni gharama. Kifaa cha bei nafuu cha kusomea kompyuta ya gari huonyesha hitilafu za injini, lakini mara nyingi hakifiki kwenye springi wala giaboksi. Fundi akibahatisha, kila kipuri cha kubahatisha kimeshalipiwa ndege.

Magari mapya ya mazuti (dizeli) yana shida yake. Injini ya Ulaya ya kiwango cha Euro 6 imeundwa kwa mazuti yenye salfa isiyozidi miligramu 10 kwa kilo. Mazuti ya kwenye pipa na dumu, yaliyohamishwa mara kadhaa njiani, huingia maji na uchafu, na nozeli zinazofanya kazi kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,500 hazivumilii hata kidogo. Chujio la masizi nalo hujisafisha gari likikimbia kwa muda kwa mwendo wa barabara kuu. Kwa mizunguko mifupi ya sokoni, ofisini na kivukoni, linaziba tu.

Ndiyo maana anasa inayodumu huku ina asili ya Toyota. Lexus LX 570, iliyotoka mwaka 2007, ni ndugu wa Land Cruiser 200: fremu ileile nzito, na injini ya petroli ya V8 ya lita 5.7 isiyo na turbo. Mwaka 2022 kampuni ya Marekani ya iSeeCars iliiweka Land Cruiser nafasi ya pili, nyuma ya Toyota Sequoia, kati ya magari yanayofika kilomita nyingi zaidi. Lakini hizo ni barabara za Marekani.

Uimara huo haupunguzi kiu. Kwenye matope, LX 570 ikinywa lita 20 kwa kilomita 100, safari ya Kasongo kwenda na kurudi, kilomita 480 hivi, inataka lita 96, na tangi lake ni lita 93. Tairi zake za rimu ya inchi 20 hupasuka kwenye mashimo, na za kubadilishia ni za kuagiza.

Upande mwingine ipo Land Cruiser 70: injini yake ya 1HZ ya lita 4.2 haina turbo, na pampu yake ya mazuti ni ya kimakanika, bila kompyuta. Haina raha yoyote, na kiti cha nyuma ni adhabu, lakini matatizo yake mengi yanamalizwa kwa spana. Wakati wa kuuza ndipo tofauti hujitokeza zaidi: hata ikiwa imekufa, injini, giaboksi na difu zake zina wanunuzi. Sedani ya Kijerumani iliyoharibika kompyuta huuzika betri, tairi na redio.