Uchungu wa bia si kipimo cha nguvu yake

MWEZI wa Desemba ukifika, mabasi kutoka Nairobi na Mombasa hushusha watu wengi mjini Taveta. Baadhi yao huendelea hadi Mboghoni, eneo la migomba na mifereji ya maji ya chemchemi za Mlima Kilimanjaro, kuwaona wazazi na kula sikukuu.

Zamani kijana wa mjini alimletea mjomba wake kreti ya bia ya kawaida. Siku hizi huenda akafungua mkoba na kutoa chupa nne za bia kutoka kiwanda kidogo, zilizoandikwa "pale ale". Bia hiyo ina rangi ya kaharabu na hunukia kama ganda la chungwa.

"Mjomba, onja hii," kijana husema.

Mjomba huonja, hukunja uso na kuuliza: "Mpwa wangu, mbona chungu kama mwarobaini? Hii ni kali kweli kweli. Lakini pengine ni dawa."

Katika maneno hayo machache mna makosa mawili ambayo hata wakazi wa mijini huyafanya. La kwanza ni kudhani kwamba kinywaji kichungu ndicho chenye kileo kingi. La pili ni kudhani kwamba uchungu huo ni dawa. Makosa hayo yanaweza kumfanya mtu anywe kupita kiasi bila kujua, ama akose kumweleza daktari jambo muhimu.

Uchungu unatoka wapi?

Bia nyingi hutengenezwa kwa vitu vinne: maji, kimea cha shayiri, hamira na hopsi. Kimea huleta sukari, hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kileo na gesi, nayo hopsi huleta uchungu na harufu.

Hopsi ni maua ya mmea utambaao juu ya kamba au miti. Mmea huo ni wa jamii moja na bangi, ingawa hauleweshi kama bangi. Hustawi katika nchi ambazo mchana huwa mrefu sana wakati wa kiangazi, kama vile Ujerumani, Uingereza na sehemu za Marekani. Ndiyo maana huwezi kuuona ukipandwa kando ya migomba ya Mboghoni.

Maua hayo yakichemshwa pamoja na maji ya kimea, asidi zilizomo hubadilika na kuwa chungu. Asidi hizo pia huzuia aina nyingi za bakteria wanaochachusha bia ikaharibika. Kwa sababu hiyo, Waingereza wa karne ya 18 na ya 19 walitia hopsi kwa wingi katika bia zilizosafirishwa kwa meli hadi India, safari iliyochukua miezi kadhaa.

Ladha ya sasa ya balungi na msonobari ilipata umaarufu baadaye. Mwaka 1972 Marekani ilitoa aina ya hopsi iitwayo Cascade, na mnamo 1980 kiwanda kidogo cha Sierra Nevada huko Chico, California, kilianza kuitumia katika "pale ale" yake. Viwanda vingi vidogo duniani vilifuata mtindo huo. Katika miaka ya 2010 wimbi hilo lilifika Nairobi, ambako kampuni kama 254 Brewing Company na Bateleur zilianza kutengeneza bia za namna hii.

Mjomba anaujua uchungu huu

Hata hivyo, wazo la kutia kitu kichungu katika pombe si geni kwa watu wanaoishi kuuzunguka Mlima Kilimanjaro. Katika pombe ya mbege, ambayo sifa zake zimevuka mpaka kutoka kwa Wachaga, kuna kiungo kinachofanya kazi kama ya hopsi.

Ndizi mbivu hupikwa kwa muda mrefu, zikaachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha zikachujwa. Halafu wimbi lililooteshwa na kusagwa hupikwa uji, ukatiwa gome la mti uitwao msesewa. Uji ukipoa huchanganywa na maji ya ndizi. Gome hilo ndilo linalopunguza utamu wa ndizi na kuupa mbege uchungu wake.

Kwa hiyo kijana anapompa mjomba bia ya hopsi, kwa kweli anampa jibu la Wazungu kwa swali lile lile lililojibiwa na msesewa: utamu wa nafaka au matunda utapunguzwaje ili kinywaji kisikinaishe?

Uchungu si ukali

Kiswahili chetu nacho hutuchanganya hapa. Tunasema pilipili ni kali, siki ni kali, dawa ni kali na pombe ni kali. Lakini uchungu wa bia hupimwa kwa kipimo kimoja, nacho kileo kwa kingine.

Uchungu hupimwa kwa kipimo kiitwacho IBU. Bia nyingi za kawaida za rangi ya dhahabu huwa na kati ya 10 na 20. "Pale ale" nyingi huwa na kati ya 30 na 50. Kileo nacho huandikwa kwenye chupa kwa asilimia, na vipimo hivi viwili havifuatani. Kuna bia chungu sana yenye kileo cha asilimia 4 tu. Vodka nayo haina hopsi hata chembe, lakini ina asilimia 40.

Njia rahisi ya kujua unakunywa nini ni hesabu. Chukua mililita zilizomo, zidisha kwa asilimia ya kileo, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Jibu ni gramu za kileo.

Chupa ya mililita 500 ya Tusker, yenye asilimia 4.2, ina takriban gramu 17. Chupa ya ukubwa huo huo ya bia ya hopsi yenye asilimia 6 ina gramu 24. Atakayemaliza zote nne alizoleta mpwa atakuwa amekunywa zaidi ya gramu 90. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 kwa kikao kimoja kuwa unywaji wa kupindukia.

Mbege huleta tatizo tofauti, kwa kuwa kibuyu hakina kibandiko. Kiasi cha kileo hutegemea ndizi, joto na saa ambazo pombe imekaa. Tuseme ina asilimia 4: lita moja itakuwa na gramu 32, karibu sawa na chupa mbili za Tusker. Utamu wake na unene wa uji humfanya mnywaji aidharau.

Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za kileo kwa saa. Kahawa, maji baridi ya kuoga au supu ya mbuzi haviharakishi kazi hiyo. Aliyekunywa chupa moja ya asilimia 6 anahitaji saa kama tatu, naye aliyekunywa nne huamka asubuhi kileo kikiwa bado damuni. Anayepanga kuendesha gari kutoka Taveta hadi Voi alfajiri na akumbuke hesabu hiyo.

Je, uchungu ni dawa?

Wengi wetu tulilelewa kwa kunyweshwa mwarobaini na klorokwini, tukaamini kwamba kila kichungu kinatibu. Ukweli ni kwamba ulimi una vipokezi vya uchungu vya aina zipatazo 25, na wanasayansi wanaamini kazi yao kubwa ni kututahadharisha na sumu za mimea. Mtoto anapotema kitu kichungu, mwili wake unafanya kazi yake sawasawa.

Ni kweli kwamba hopsi ina kemikali iitwayo zanthohumoli, ambayo imechunguzwa sana katika maabara. Lakini kiasi kinachobaki ndani ya bia ni kidogo mno, na kileo kinachoandamana nacho kinajulikana vyema kwa madhara yake. Tangu mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeorodhesha vileo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Saratani hizo ni pamoja na za mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na hatari kwa afya.

Msesewa nao usichukuliwe kimzaha. Mti huo ni ndugu wa ule wa India ambao wanasayansi walitoa kwake dawa ya reserpini mwaka 1952, iliyotumika kushusha shinikizo la damu. Miti ya jamii hii ina kemikali zenye nguvu mwilini. Kama unatumia dawa za presha au za moyo, mweleze daktari wako kwamba unakunywa mbege. Usione haya. Daktari hawezi kukisia usichomwambia.

Jinsi ya kuonja bila kulewa

Kuonja si kunywa. Katika mnada wa chai wa Mombasa, waonjaji hupitisha vikombe vingi kwa siku. Hufyonza kwa kijiko, husikiliza ladha, kisha hutema. Mwenye hamu ya kujua bia za hopsi anaweza kujifunza kwao.

Kwanza, kula. Tumbo lenye chakula huchelewesha kileo kuingia damuni.

Pili, mimina mililita 100 tu za kila bia katika glasi safi. Aina nne za asilimia 6 zitakuwa na jumla ya gramu 19, yaani kuzidi kidogo chupa moja ya Tusker. Chupa moja ya kila aina yatosha kugawiwa watu watano.

Tatu, usiipoze mpaka iumize meno. Baridi kali huficha harufu. Itoe kwenye friji dakika kama kumi kabla ya kuonja.

Nne, anza na yenye asilimia ndogo na umalize na yenye asilimia kubwa. Nusa kabla ya kuonja: utasikia balungi, embe, majani yaliyofyekwa au utomvu wa msonobari. Halafu izungushe mdomoni taratibu. Uchungu huja mwishoni na hukawia kooni. Ukipenda, tema. Kunywa maji baada ya kila glasi.

Tano, ikiwa unaona uchungu umezidi kila ladha nyingine, sema hivyo. Bia nzuri ya aina hii huwa na utamu wa kimea wa kuusawazisha. Kusifu usichokipenda kwa sababu ni ghali si ustadi.

Wasioonja kabisa

Wapo ambao hata mililita 100 hazifai kwao. Mja mzito asionje, kwani kileo humfikia mtoto tumboni. Mwenye ugonjwa wa ini, anayetibiwa kifua kikuu, na anayetumia dawa ya metronidazoli, maarufu kama Flagyl, wajiepushe. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anaweza kushukiwa na sukari ghafla saa kadhaa baada ya kunywa. Anayejitahidi kuacha pombe asishawishiwe kwa maneno kwamba "hii ni ya kuonja tu". Watoto nao wasipewe hata povu.

Aidha, ulimi usiaminiwe katika jambo moja kubwa zaidi. Methanoli, sumu inayochanganywa katika pombe kali za magendo, haiwezi kutambuliwa kwa ladha. Zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi mnamo Novemba 2000, na zaidi ya 10 wakafa katika kaunti ya Kirinyaga mnamo Februari 2024, baada ya kunywa pombe zenye sumu. Mtu akilalamika kuona ukungu, kuumwa na kichwa na kutapika baada ya kunywa, hata kama ni siku ya pili, apelekwe hospitali mara moja. Kumwacha alale ili "pombe imtoke" kumewagharimu wengi macho na maisha.

Turudi kwa mjomba wa Mboghoni. Hakukosea kusema bia ya mpwa wake ni chungu, na ana haki ya kuipenda au kuikataa. Kilichobaki ni mpwa kuigeuza chupa, kumsomea asilimia iliyoandikwa, na kumfanyia hesabu ya gramu. Kisha wagawane glasi ndogo ndogo na jamaa wengine waliofika, chupa nyingine ziwekwe kwa siku nyingine, na chakula kiletwe.