Alama 100, lakini kitufe hakisomeki

Mteja asiyeona anafungua tovuti ya malipo kwa simu. TalkBack, ile programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti, inafika kwenye kitufe cha kutuma pesa na kusema tu "kitufe". Kitufe cha nini sasa? Inabidi amwite mtu amsaidie, na hapo ndipo PIN huanza kujulikana na wengine.

Watengenezaji wa tovuti wana mchezo unaosaidia hapa. Lighthouse ya Google hukagua ukurasa na kuupa alama, 0 hadi 100, kwa jinsi unavyowafaa watu wenye ulemavu. Chini ya 50 ni nyekundu, 90 kwenda juu ni kijani. Ukipata 100 kwenye kila kipengele, fataki zinalipuka kwenye skrini. Utoto? Labda, lakini nani anataka kumwonyesha bosi wake nyekundu? Kitufe kisicho na jina hupunguza alama, kwa hivyo mtu anakirekebisha.

Ila mchezo una mianya. Mwaka 2019, Manuel Matuzović alitengeneza makusudi tovuti isiyotumika, na ikapata 100. Mashine inajua kama kitufe kina jina. Haijui kama jina ni la kweli: kitufe cha kughairi kikiitwa "Tuma", alama haishuki, na pesa zako ndizo ziko hatarini.

Kwa hivyo lazima watu wajaribu pia. Washa TalkBack kwenye mipangilio ya simu, fumba macho, ufungue ukurasa wetu wa malipo. Gusa mara moja usikie jina, mara mbili kubonyeza. Ukisikia "kitufe" tupu, tuandikie utuambie ni wapi. PIN usitutumie.