Mgeni na Kipimo Chake: Kusoma Saikolojia Tumizi Ugenini

Mwanafunzi wa fizikia atokaye Hanga, mkoani Ruvuma, akienda kusoma katika chuo cha Ujerumani au Kanada, atakuta kwamba jiwe huanguka huko kama linavyoanguka kwao. Kipimajoto kilichotengenezwa katika nchi moja hupima joto la nchi nyingine, wala hakiulizi mwenyeji anazungumza lugha gani. Mwanafunzi wa saikolojia hana bahati hiyo. Vitu anavyovipima ni akili, kumbukumbu, woga, furaha na mazoea ya binadamu, na vipimo anavyopewa vimetengenezwa na watu wa mahali fulani kwa ajili ya watu wa mahali hapo. Akivuka mpaka navyo, hana budi kuuliza kama bado vinapima kile kile.

Makala haya yanaeleza kwa nini swali hilo ni la msingi kwa kijana yeyote anayetazamia kusoma saikolojia tumizi katika nchi nyingine kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, na vile vile kwa mwalimu anayewapima wanafunzi wake kila muhula.

Saikolojia tumizi ni nini?

Saikolojia ni elimu ya nafsi na mwenendo wa viumbe, hasa binadamu. Saikolojia tumizi ni lile tawi linalochukua matokeo ya elimu hiyo na kuyatia kazini: shuleni kumsaidia mtoto mzito wa kusoma, hospitalini kumtuliza mgonjwa, kiwandani kupunguza ajali, na barabarani kujua kwa nini dereva aliyechoka hukosea.

Elimu hii ilianza kuvuka mipaka tangu utoto wake. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig mwaka 1879, wanafunzi walimwendea kutoka nchi nyingi. Mmoja wao, Mmarekani James McKeen Cattell, alipata shahada ya udaktari huko mwaka 1886, akarudi kwao, na mwaka 1890 akaandika juu ya vipimo vya akili. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitoa mjini Paris kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Mwaka 1916 Lewis Terman alichapisha Marekani sura mpya ya kipimo hicho, nacho kikaenea duniani. Binet mwenyewe aliwapinga waliodhani kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichoongezeka. Lakini kipimo kilisafiri mbali na haraka kuliko onyo lake.

Waya, karatasi na udongo

Je, kipimo kilichotoka ugenini chaweza kumdhulumu mtoto? Jibu lilipatikana kwa jirani zetu wa Zambia. Robert Serpell, Mwingereza aliyejiunga na Chuo Kikuu cha Zambia mwaka 1965, aliona kwamba watoto wa huko walionekana wazito walipopewa vipimo vya kunakili maumbo kwa kalamu na karatasi. Lakini watoto hao hao walikuwa mafundi wa kutengeneza magari ya waya, ufundi ambao msomaji aliyekulia vijijini anaufahamu vyema.

Basi akafanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1979. Aliwapa watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza, kazi ya namna moja: kutazama kielelezo na kukinakili. Walipotumia kalamu na karatasi, watoto wa Kiingereza walishinda. Walipotumia waya, watoto wa Zambia walishinda. Walipotumia udongo wa kufinyanga, ambao pande zote mbili ziliuzoea, hapakuwa na tofauti ya maana.

Msomaji atafakari matokeo hayo. Lau mtafiti angaliishia kwenye karatasi, angaliandika kwamba watoto wa Lusaka wana upungufu wa kutambua maumbo, na mwalimu angaliusoma uamuzi huo kama ukweli wa sayansi. Kumbe karatasi ilipima kuizoea karatasi.

Neno "akili" lina maana gani?

Jambo la pili ni la lugha. Katika Mkoa wa Mashariki wa Zambia, ambako wanakaa Wachewa pamoja na Wangoni walio ndugu kihistoria wa Wangoni wa Songea, Serpell aliwauliza watu wazima wa vijijini: kama pana kazi fulani ya kutuma mtoto, ungemchagua mtoto gani, na kwa nini? Majibu yao yalizunguka neno la Kichewa "nzelu". Neno hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni werevu. Ya pili wanaiita "tumikila", nayo haina haja ya kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili: ni tabia ya mtoto anayetumika, anayeweza kuaminiwa na kazi ya wengine. Mtoto mwerevu asiyetumika hawakumhesabu kuwa na nzelu kamili.

Nchini Uganda, Mallory Wober alichapisha mwaka 1974 utafiti juu ya maana ya akili kwa Waganda, akaona kwamba wanavijiji waliihusisha na utulivu na uangalifu kuliko haraka. Vipimo vingi vya shuleni hutumia saa. Mtoto aliyefundishwa nyumbani kwamba mwenye akili hatangulii kujibu, afanye nini mbele ya msimamizi anayehesabu dakika?

Ushahidi wa Bagamoyo na Usenge

Tanzania nayo imetoa ushahidi wake. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanywa na Robert Sternberg na Elena Grigorenko, wakishirikiana na watafiti wa Tanzania, katika shule za karibu na Bagamoyo. Watoto zaidi ya 400 walipewa mafumbo ya kupanga kadi, ya kutoa hitimisho kutokana na sentensi, na ya kugundua kwa maswali kitu alichokifikiri mwingine. Kisha wengi wao walipewa somo fupi, lisilofika saa moja, la namna ya kuyakabili mafumbo kama hayo, na wote wakapimwa tena. Waliofundishwa walipanda, na mpangilio wao ulibadilika sana: aliyekuwa nyuma mara ya kwanza hakuwa lazima nyuma mara ya pili. Yaani kipimo cha kwanza kilikuwa kimeficha uwezo ambao somo la muda mfupi tu lilitosha kuufunua.

Mwaka 2001 Sternberg na wenzake, akiwamo Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walikuwa wametoa matokeo ya kijiji cha Usenge, karibu na Ziwa Viktoria nchini Kenya. Watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 waliulizwa juu ya dawa za mitishamba ambazo watu wa huko huzitumia. Waliozijua sana dawa hizo walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya msamiati wa shuleni. Haina maana kwamba dawa humwondolea mtoto akili. Yaelekea kwamba familia zina muda mmoja tu wa mtoto, nazo huuelekeza ama shuleni ama kwenye maarifa ya nyumbani.

Mwanafunzi mgeni naye hupimwa

Sasa tumrudie kijana wetu wa Hanga. Watu wa hapo hawajakosa kuona wageni waliokuja kukaa na kujifunza. Abasia ya Wabenedikto ya Hanga, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1994, ni ya shirika lenye nyumba katika nchi nyingi. Wala safari ya masomo si jambo jipya katika Afrika ya Mashariki: Julius Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, na mwezi wa Septemba 1959 ndege iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya ilichukua wanafunzi 81 kwenda Marekani.

Lakini kijana huyo, ambaye nyumbani alisema Kingoni, shule ya msingi akasoma kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, akifika ng'ambo huenda akakuta lugha ya nne. Anajua jambo, lakini neno halimjii upesi. Mwalimu anauliza, wenzake wanadakia, yeye anangoja azungumzishwe kama alivyolelewa. Mwishoni mwa mwezi anaanza kujiuliza kama kweli ana akili aliyoambiwa kwao kwamba anayo. Hali yake ni ile ile ya mtoto wa Lusaka aliyepewa karatasi badala ya waya. Tofauti ni kwamba yeye anasomea elimu inayoweza kumweleza kinachompata.

Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alitoa matokeo ya mahojiano na Wanorway 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa huko chini ya miezi 6, na waliokaa zaidi ya miezi 18, walionekana wameizoea nchi kuliko wale wa katikati. Kutokana na hayo likazaliwa wazo kwamba moyo wa mgeni hufuata umbo la herufi U: huanza juu kwa furaha ya upya, hushuka, kisha hupanda tena. Wazo hilo lilirudiwa katika vitabu vingi. Lakini mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa Kijapani waliokwenda New Zealand, wakiwapima tangu saa 24 za kwanza hadi mwisho wa mwaka. Herufi U haikuonekana. Shida ilikuwa kubwa mwanzoni kabisa, kisha ikapungua.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza ni faraja: mgeni anayeona ugumu siku za mwanzo hana kasoro, na ugumu huo hupungua. La pili ni la kisayansi: hata kanuni inayoeleza hali ya wageni ilichukuliwa kwa watu wa taifa moja, na ilipopelekwa kwa wengine ilihitaji kupimwa upya.

Tena, Stephen Bochner na wenzake walionyesha mwaka 1977, kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hawaii, kwamba mgeni huwa na marafiki wa namna tatu: watu wa kwao, wenyeji, na wageni wa nchi nyingine. Wa kwao humtunzia utamaduni wake. Wenyeji humsaidia katika masomo na taratibu za mahali. Wageni wenzake hustarehe naye. Anayejifungia katika kundi moja hukosa msaada wa makundi mengine.

Apeleke nini, arudi na nini?

Mwanafunzi wa saikolojia tumizi asiende ng'ambo kama mtungi mtupu unaokwenda kuchota. Anayo maarifa ambayo wenyeji wake hawanayo: jinsi watoto wanavyolelewa na watu wengi, jinsi mtu anavyofikiri kwa lugha tatu, maana ya kutumwa na kutumika. Mfano upo. Mary Ainsworth alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955, akazitembelea familia 26 zenye watoto wachanga karibu na Kampala, akitazama jinsi mtoto anavyomng'ang'ania mama yake na kumtumia kama ngome ya kutokea kuichungulia dunia. Aliyoyaona huko ndiyo aliyoyapeleka Baltimore, Marekani, na kuyaendeleza. Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967. Hivyo sehemu ya nadharia inayofundishwa leo duniani kote juu ya upendo wa mtoto na mzazi ilianzia katika nyumba za akina mama wa Uganda.

Anaporudi, ajihadhari na jambo moja: kufungua sanduku na kuanza kuwapima watu wa kwao kwa kipimo alichokipata, kama kilivyo. Kwanza akitafsiri, kisha mtu mwingine akirudishe katika lugha ya asili ili maana zilinganishwe, kisha akijaribu kwa watu wachache na kuwauliza walielewa nini, mwisho ndipo akitumie. Naye mwanafunzi wa kigeni anayekuja huku kwa utafiti hana budi kupata kwanza kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na kushirikiana na wenyeji.

Kinachobishaniwa hapa ni kikubwa kuliko alama za mtihani. Mtoto aliyeambiwa na kipimo kibovu kwamba hana akili huweza kuamini hivyo maisha yake yote, na mzazi wake pia akaamini.

Zoezi kwa darasa

1. Chora maumbo matatu: duara lenye msalaba ndani, nyumba, na mtu. Nusu ya darasa wayanakili kwa kalamu, nusu kwa waya, kisha wabadilishane. Je, mpangilio wa waliofanya vizuri ulibaki ule ule?

2. Waulize wazee watano wa kijijini: "Mtoto mwenye akili humtambua kwa dalili gani?" Andika majibu kwa lugha waliyoitumia. Linganisha na mambo yanayopimwa katika mtihani wa shule yako.

3. Chagua swali moja la mtihani wa Kiingereza, ulitafsiri kwa Kiswahili, na umpe mwenzako alirudishe katika Kiingereza bila kuliona la asili. Ni maneno gani yaliyopotea njiani?