HESABU YA DAWA NI UHAI WA MTOTO

Yaliyofanyika katika zahanati za Lindi kwa simu ya mkononi

Mzazi wa kijijini aijua vizuri homa ya malaria. Mtoto hulala mzima, na alfajiri mwili wake wawaka moto. Mama humfunga mgongoni na kushika njia ya zahanati. Akifika huko akaambiwa, "Mama, dawa zimekwisha, rudi wiki ijayo," safari yote imekuwa bure. Nayo malaria haingoji wiki ijayo. Kwa mtoto mdogo, kukawia siku moja au mbili kwaweza kuigeuza homa kuwa degedege, na degedege kuwa msiba.

Wengi hudhani kwamba dawa ikikosekana kijijini, basi imekosekana katika nchi. Mara nyingine ndivyo. Lakini mara nyingi zahanati moja haina hata kidonge, na nyingine ya wilaya ile ile ina maboksi yamekaa kabatini mpaka siku zake za kutumika zinakaribia kwisha. Hapo kilichopungua si dawa, ni habari. Aliye na nyingi hajui kwamba mwenzake hana, na mkubwa wao wilayani hajui habari za huyu wala za yule.

Jaribio la mwaka 2009

Mwezi wa Septemba 2009 lilianza jaribio katika wilaya 3 za Tanzania: Kigoma Vijijini, Ulanga, na wilaya iliyoitwa wakati ule Lindi Vijijini. Liliitwa SMS for Life, ndiyo kusema ujumbe wa simu kwa ajili ya uhai. Walishirikiana Wizara ya Afya, umoja wa kupambana na malaria uitwao Roll Back Malaria, na kampuni za Novartis, IBM na Vodafone. Vituo vya tiba 129 viliingia katika kazi hiyo, na ilidumu wiki 21.

Kabla ya hapo zahanati ziliagiza dawa kwa karatasi, kila baada ya miezi 3. Katika miezi 3 mvua zaweza kunyesha, mbu wakazaana, wagonjwa wakawa mara mbili, na kabati likabaki tupu bila mtu wa wilayani kujua.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Kila Alhamisi mganga wa zahanati alipata ujumbe katika simu yake ya kawaida, akiulizwa dawa zilizobaki. Alifungua kabati, akahesabu vitu 5 tu: paketi za dawa ya mseto za ukubwa wa namna 4, kuanzia ile ya watoto wachanga hata ile ya watu wazima, na sindano za kwinini kwa wagonjwa mahututi. Akaandika hesabu hiyo katika simu na kuirudisha, bila kulipa senti. Asiyejibu alikumbushwa. Aliyejibu kwa wakati alitiliwa salio dogo katika simu yake, kama asante ya kazi.

Hesabu zote zilikusanywa na kompyuta. Mganga Mkuu wa Wilaya alipoitazama aliona kama katika kioo: zahanati hii imejaa, hii yapungua, hii haina kitu. Hapo aliweza kuagiza gari, au pikipiki, kuhamisha maboksi kutoka palipozidi kwenda palipopungua, au kudai dawa kutoka bohari kabla mambo hayajaharibika.

Matunda yake

Katika wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimekosa walau dawa moja kati ya zile 5. Katika wiki ya 21 vilibaki 26 katika kila 100. Huku kwetu Lindi Vijijini matokeo yalipita ya wenzetu: kufika wiki ya 8 upungufu ulikuwa umekwisha, na baada ya hapo haukuonekana tena ila kwa nadra sana. Mwaka 2011 mpango huo ukaanza kupelekwa katika nchi nzima.

Tutazame jambo hili kwa makini. Katika wiki hizo haikujengwa hospitali mpya, wala hakuletwa daktari kutoka ng'ambo. Waganga walikuwa wale wale, na barabara zile zile za Rondo na Mtama zenye mchanga na matope. Kilichoongezeka ni kuhesabu kila wiki, kusema kweli juu ya hesabu hiyo, na mkubwa mwenye kuisoma na kuinuka kutenda.

Simu si dawa

Lakini tusiisifu simu kupita kiasi. Ujumbe hautibu mtu. Bohari ikiwa tupu, habari za upungufu zitafika upesi, na mtoto ataendelea kuumwa. Barabara ikikatika, kama ilivyokatika huku Kilwa mwezi wa Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, gari la dawa litangoja hata kama kila mtu ajua linakohitajiwa. Wala kompyuta haina dhamiri. Mganga akiandika namba bila kufungua kabati, kompyuta itaupokea uongo wake kwa heshima ile ile inayopokea kweli, na wa kuumia ni mtoto wa jirani. Amri ya Mungu inayokataza uongo yahusu hata vitabu vya hesabu.

Liko na jambo la siri. Ujumbe ule wa Lindi ulikuwa na hesabu ya dawa tu, haukutaja jina la mgonjwa. Siku hizi habari za wagonjwa wenyewe zazidi kuingizwa katika kompyuta. Ni vema, maana daktari ataijua historia ya mgonjwa wake. Lakini ugonjwa wa mtu ni siri yake, na anayeitunza siri hiyo, iwe katika daftari au katika kompyuta, ametwikwa amana.

Sehemu yetu sisi wazazi

Kazi hii si ya waganga peke yao. Kadi ya kliniki ya mtoto ni hesabu pia. Itunzeni mahali pakavu, ichukueni kila mwendapo kupima, msiiache iwe mchezo wa watoto. Mpeni mganga jina na umri wa kweli, maana kipimo cha dawa hufuata umri na uzito. Mkipewa mseto, mezeni wote kwa siku 3, msimwekee mtoto mwingine. Na ninyi wajumbe wa kamati ya zahanati, ulizeni katika kila mkutano: mseto umebaki paketi ngapi? Taarifa ya mwisho ilipelekwa lini? Na jibu lilikuwa nini? Kuuliza hivyo si ugomvi, ni ulinzi.

Bwana wetu alisimulia habari za mchungaji mwenye kondoo mia, aliyeacha tisini na tisa akamtafuta mmoja. Twalisikia somo hilo mara nyingi, tukausifu upendo wake. Lakini tukumbuke kwamba kabla ya kuondoka, mchungaji yule alikuwa amehesabu. Asiyehesabu kundi lake hawezi kujua kwamba mmoja amepotea.