Uvira – Mutarule: Ukitembea mlimani siku nzima, pikipiki itakusubiri wapi?

Asubuhi pikipiki hazikosekani Mutarule. Ukisimama kando ya barabara ya kitaifa namba 5, haujamaliza kuinua mkono na wamotari wawili wamekwisha simama mbele yako. Lakini jioni ni habari nyingine. Katika bonde la Ruzizi milima iko upande wa magharibi, kwa hiyo jua linajificha nyuma yake hata kabla ya saa kumi na mbili. Kivuli kinashuka mapema, wamotari wanaanza kurudi nyumbani, na mtu aliyeteremuka mlimani amechelewa anabaki amesimama na mzigo wake, akisikiliza kama kuna mashine inakuja.

Kila aliyewahi kupanda na vijana wa parokia, na skauti, na wanafunzi, au aliyekwenda tu kuzika ndugu kwenye milima, anaijua shida hiyo. Kupanda si kitu. Shida ni mwisho wa safari: nani atakuchukua, wapi, saa ngapi, na pikipiki uliyoiacha asubuhi iko mikononi mwa nani.

Tuseme wazi tangu mwanzo: makala hii haimtumi mtu mlimani leo. Vita vya mwaka 2025 vilifika Bukavu mwezi wa Februari na Uvira mwezi wa Desemba, na kila familia ya bonde inajua maana yake. Siku ambayo barabara imefungwa au risasi zinasikika, hakuna safari. Lakini siku za utulivu zinapokuja, watu wanatembea, na wengi wanaondoka bila mpango. Mpango wenyewe unahitaji akili zaidi kuliko pesa.

Njia inakwisha mahali pengine

Kuna safari za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kwenda na kurudi kwa njia moja. Waliokuwa wakipanda Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3470, walianzia Kibati, kaskazini mwa Goma, na waliteremukia Kibati. Gari lilibaki pale chini, na aliyechoka katikati aligeuka tu. Hiyo haina shida ya usafiri.

Ya pili ni ile unayoanzia kijiji kimoja na kumalizia kingine. Ni nzuri zaidi kwa sababu hurudii njia uliyoiona, lakini mwisho wake uko mbali na mahali ulipoacha pikipiki. Ndiyo shida ya njia zote ndefu za miguu duniani. Kule Marekani, Appalachian Trail ina karibu kilomita 3500. Wachache wanaimaliza yote. Wengi wanatembea kipande cha siku moja kati ya barabara mbili, na kuna watu wanaoishi kwa kazi ya kuwapeleka na kuwachukua.

Karibu na sisi, jirani zetu wa Rwanda wana Congo Nile Trail. Ni njia ya kilomita 227 kandokando ya ziwa Kivu, kutoka Rubavu, jirani ya Goma, hadi Rusizi, ng'ambo ya Bukavu. Imeitwa hivyo kwa ajili ya mgongo wa milima unaogawanya maji: upande mmoja yanakwenda mto Nil, upande mwingine yanaingia Kivu, yanapita Ruzizi yetu hii, yanafika Tanganyika na mwishowe mto Congo. Mtu anaweza kutembea sehemu yake kwa siku moja kwa sababu barabara ya lami inapita jirani, kuna basi, kuna pikipiki vijijini, na kuna mashua ziwani. Bila vyombo hivyo, njia ile ingebaki ya wale wenye siku 10 za kupoteza.

Sisi hatuna njia iliyopewa jina na vibao. Tuna njia za mababu, zile ambazo akina mama wanapitia na vikapu vya maharagwe na muhogo, na chini yake tuna barabara namba 5. Swali linabaki lile lile: ukifika mwisho, utarudi namna gani?

Pikipiki kwanza, miguu baadaye

Watu wengi wanafanya kinyume. Wanatembea asubuhi, wakiwa na nguvu, wakiacha nyumba nyuma yao. Halafu jioni, wakiwa wamechoka kule mbali, ndipo wanaanza kutafuta wa kuwarudisha. Saa ile bei haina mazungumzo, maana motari anaona kwamba hauna njia nyingine. Na mara nyingine motari mwenyewe hayupo.

Geuza mpango. Lipa usafiri asubuhi, wakati wamotari ni wengi na unaweza kupatana bei. Upelekwe mpaka mahali pa mbali zaidi, kisha utembee ukielekea nyumbani. Kwa mtu wa Mutarule maana yake ni kupanda kwa pikipiki kungali mapema na kuteremuka kwa miguu. Kila hatua inakuleta karibu na kitanda chako. Ukichelewa, hakuna motari anayekungojea na kukasirika. Ukiumia mguu, watu utakaokutana nao ni wale wanaokujua.

Kwa wageni wanaotoka Uvira na gari au pikipiki zao, kanuni ni hiyo hiyo. Acha chombo mahali safari itakapoishia, si inapoanzia. Kutoka hapo chukua motari wa kukupeleka mwanzo, kisha utembee ukikifuata chombo chako. Kama kundi lina pikipiki mbili au zaidi, moja iachwe mwisho wa njia na nyingine iwapeleke watu mwanzo kwa zamu. Lakini hesabu vizuri: kundi la watu 9 kwa pikipiki moja inayobeba abiria 2 ni safari 5 za kwenda. Wa kwanza watangoja muda mrefu, na saa ya kuondoka ihesabiwe kuanzia yule wa mwisho kufika.

Saa ya kugeuka

Zaidi ya miaka 130 iliyopita, mwaka 1892, Naismith, mpanda milima wa Scotland, alitoa hesabu ambayo bado inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Tuchukue mfano wa njia ya kilomita 12 yenye kupanda mita 600. Kilomita zinakula saa 2 na dakika 24, kupanda kunakula saa 1. Jumla ni saa 3 na dakika 24.

Lakini hesabu hiyo ni ya mtu mwenye nguvu, asiyesimama. Kwa kundi lenye watoto au wazee, lenye vyakula mgongoni, katika joto la bonde, weka saa 5. Ukiondoka saa moja asubuhi utafika saa sita mchana, na hata pakitokea shida bado una mchana mzima mbele yako. Ukiondoka saa tano utafika saa kumi. Hapo kiatu kikikatika tu, giza linakukuta njiani.

Kwa hiyo kundi lipatane saa ya kugeuka kabla ya kuondoka. Saa hiyo ikifika na hamjafika mlikokusudia, mnarudi, hata kama kilele mnakiona. Katika msimu wa mvua saa hiyo iwe mapema zaidi. Mafuriko ya Uvira ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipovuka kingo zake, yalitukumbusha namna mito inayotoka milimani inavyopanda haraka. Kijito ulichokivuka asubuhi kwa kuruka kinaweza kukuzuia jioni.

Parkingi si uwanja mtupu tu

Mahali pa kuacha pikipiki panahitaji vitu vitatu: mwenye kulinda, bei iliyojulikana mapema, na umbali na moto. Acha chombo uani kwa mtu, kanisani au shuleni, kwa ruhusa, na mlinzi aandike namba ya pikipiki, jina la mwenyewe na saa anayotarajia kurudi. Karatasi hiyo inalinda mali na inamlinda mtu pia, kwa sababu saa ikipita kuna mmoja anayejua kwamba mtu fulani hajarudi.

Kuhusu moto, watu wa bonde hawahitaji kufundishwa. Tarehe 2 Julai 2010 lori la essence lilianguka Sange, watu wakakusanyika, na mlipuko ukaua zaidi ya watu 230. Pikipiki nyingi zikisimama pamoja, Kadhafi na chupa zake za essence asikae katikati yao, na wala pasiwe karibu na mahali watu wanapopika.

Usitegemee simu

Kuna jambo moja ambalo Mutarule inalijua kuliko vijiji vingi. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu wasiopungua 30 waliuawa hapa, wengi wao wakiwa kwenye ibada. Simu za kuomba msaada zilipigwa. Kambi ya MONUSCO ilikuwa karibu kilomita 9. Usiku ule hakuna aliyefika kwa wakati wa kuwaokoa.

Hatuwezi kulinganisha msiba ule na safari ya matembezi. Lakini tangu siku ile, mtu wa hapa anajua kwamba simu iliyopokelewa bado si msaada uliofika. Mpango mzuri ni ule unaosimama hata simu ikizima, hata mtandao ukikosekana kwenye bonde la mto. Kabla ya kuondoka, uliza chef wa kijiji na shirika la raia hali ya njia ikoje siku hiyo, si juma lililopita. Mwambie mtu mmoja aliyebaki nyumbani: tunapitia wapi, tuko wangapi, tutafika saa ngapi, na saa gani aanze kuuliza. Yeye ndiye anayewangoja, hata kama mtandao haupo.

Kazi ya nani?

Hakuna haja ya kungoja mradi mkubwa. Wamotari wa parkingi wanaweza kukubaliana bei moja ya kupeleka makundi asubuhi, iandikwe na ionekane. Mama mwenye ua mkubwa anaweza kulinda pikipiki na kuuza chai na mandazi. Kijana anayejua njia anaweza kuwaongoza wageni kwa malipo. Ni kazi ndogo, lakini pesa yake inabaki kijijini.

Na siku amani itakapokaa, wageni watauliza kwanza maswali yale yale yanayoulizwa Rubavu na yaliyokuwa yakiulizwa Kibati: nitaacha wapi gari langu, na nani atanirudisha? Kijiji chenye jibu tayari ndicho kitakachowapokea.